Mizunguko Miwili ya Beijing

Waheshimiwa walimu na makocha, nanyi vijana wetu mnaojifua kila alfajiri,

Nimeombwa kuzungumzia mbio za masafa ya kati za wanawake, nami nimechagua fainali moja tu: ile ya mita 800 ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing, iliyokimbiwa usiku wa tarehe 18 Agosti 2008. Naichagua kwa sababu ya namna ushindi wake ulivyopatikana, na nitaomba tuiangalie kwa utulivu, kwani sifa za mshindi, Pamela Jelimo wa Kenya, zimeimbwa mara nyingi, lakini ujasiri wa mbinu yake haujasemwa vya kutosha.

Tuanze na mbio zenyewe. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja, na kila mkimbiaji huanza katika njia yake, asiruhusiwe kuiacha mpaka amalize kona ya kwanza na kuuvuka mstari uliopinda uliochorwa pale kona inapoishia. Wakishauvuka, wote huelekea ndani kwa pamoja. Viwiko hugongana, viatu vya misumari hukanyaga visigino vya walio mbele, na katika hatua chache tu hujulikana nani amepata nafasi na nani amezingirwa. Aliyebanwa ndani hana pa kutokea, na anayezunguka kona katika njia ya pili hukimbia zaidi ya mita tatu za ziada kwa kila kona. Katika fainali za ubingwa hakuna mtu aliyelipwa kuongoza kasi, kwa hiyo wengi huchagua kujificha kundini, wakaziweka nguvu zao kwa ajili ya mita 150 za mwisho.

Pamela Jelimo hakujificha. Alikuwa na umri wa miaka 18, askari polisi kutoka Nandi, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa bado mkimbiaji wa mita 400, na kwa umbali huo ndiko alikotwaa ubingwa wa vijana wa Afrika mjini Ouagadougou. Mita 800 alikuwa amezianza kwa dhati mwaka huohuo wa 2008. Ukiitazama fainali ile utamwona akishika uongozi katika mzunguko wa kwanza, na kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia yuko mbele, wala hageuki kuangalia nyuma. Hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlizingatie. Mtu aliyelelewa na mita 400 anaweza kuukimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi ambayo kwa mwenzake ni mateso, huku yeye akiwa bado na akiba, na mbinu inayomfaa ni kuwalazimisha wote wachoke mapema, kabla hawajafika pale walipopanga kuchomoka. Sina shaka kwamba angalikubali mbio za kuviziana angaliitupa silaha yake mwenyewe.

Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 54.87. Nyuma yake alikuja Janeth Jepkosgei, Mkenya mwenzake, bingwa wa dunia wa Osaka 2007, kwa 1:56.07, kisha Hasna Benhassi wa Morocco kwa 1:56.73. Tofauti ya sekunde 1.20 inasikika ndogo mdomoni, lakini kwa mwendo ule ni zaidi ya mita nane za uwanja mtupu kati ya wa kwanza na wa pili. Wa tano alikuwa Maria Mutola wa Msumbiji, bingwa wa Sydney 2000, akiwa katika Olimpiki yake ya sita. Naomba jina lake lisipitwe haraka, maana kabla ya wasichana wetu yeye ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba mwanamke wa Afrika anaweza kuutawala umbali huu kwa miaka mingi.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kuletwa Kenya na mwanamke. Kenya ilikuwa imepeleka wanawake katika Olimpiki tangu Mexico 1968, mwaka ambao Naftali Temu na Kipchoge Keino walirudi na dhahabu, na ilimchukua Pauline Konga mpaka Atlanta 1996 kupata nishani ya kwanza ya wanawake, fedha ya mita 5,000. Siku moja tu kabla ya fainali ya Jelimo, Catherine Ndereba alipata fedha ya marathoni hapohapo Beijing, kama alivyokuwa ameipata Athens 2004. Miaka arobaini ya kungoja si kidogo, na inaniuma kwamba wengi wa wanawake waliofungua njia hiyo hatuwataji hata katika mikutano kama huu.

Siku kumi na moja baada ya fainali, mjini Zürich, Jelimo alikimbia 1:54.01. Lakini kabla ya hapo, tarehe 23 Agosti, Beijing ilikuwa imeshamwona Nancy Langat akishinda mita 1,500 kwa 4:00.23. Dhahabu ya pili ya wanawake wa Kenya ilikuwa imengojewa siku tano.