Hiyo asilimia 3 ya ajira za watu wenye ulemavu inapitia mlango gani?

Mbukwenyi! Haya, asanteni sana. Wazee wangu shikamooni, mama zangu wa pale nyuma shikamooni, na nyie wadogo zangu wa UDOM mliojaa huku pembeni, mambo vipi. Kabla sijaanza namuomba dada mkalimani wetu wa lugha ya alama asogee huku mbele kidogo, hapo ulipo mwanga wa dirisha unakupiga mgongoni na wenzetu viziwi wanaona kivuli tu. Eeh hapo hapo, asante.

Nimeitwa niongelee serikali inafanya nini kwenye ajira za watu wenye ulemavu na vikwazo vimekaa wapi. Mi naongea kama mtu aliyeajiriwa, nilipata polio nikiwa na miaka 4, natumia kiti mwendo, nimesoma uhasibu na niko kazini hapa hapa Dodoma mwaka wa 9 sasa.

Tuanze na sheria maana kuna watu wanadhani tukiongelea kazi tunaomba sadaka. Katiba ya 1977 ibara ya 22 inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi, haijaweka sharti la miguu wala macho. Halafu hii habari ya kutenga nafasi haikuanza jana, mwaka 1982 tayari kulikuwa na sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu, mwajiri mwenye watu 50 kwenda juu alitakiwa asilimia 2 wawe watu wenye ulemavu. Ikaja sera ya taifa ya watu wenye ulemavu ya 2004, mwaka huo huo sheria ya ajira na mahusiano kazini ikakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu, mwaka 2009 nchi ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 ndo tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu namba 9 ambayo imeshusha kutoka watu 50 mpaka 20 na kupandisha asilimia ikawa 3.

Sasa hapo kwenye 20 naomba tutulie kidogo. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Nimeshakaa na mwajiri akaniambia dada yangu hiyo haifiki hata mtu mmoja, kwa hiyo mimi sidaiwi. Nikamwambia kaka, hakuna binadamu wa 0.6, kama sheria ingetaka usiajiri mtu isingekutaja kabisa wewe mwenye watu 20, imekutaja kwa sababu inataka umpate huyo mmoja. Na mwenye watu 100 anadaiwa watatu. Wakubwa wangu mliopo hapa, kila mmoja ahesabu moyoni mwake ofisini kwake wako wangapi.

Sensa ya 2022 ilionesha asilimia 11.2 ya watu wenye miaka 7 kwenda juu wana ulemavu wa aina fulani. Kwa hiyo hata hiyo 3 ikitimia kote bado tuko mbali, ila tuiache, kinachoniuma zaidi ni kitu kingine. Hiyo asilimia inahesabu vichwa, haihesabu ngazi.

Niwape usaili wangu wa kwanza. Ofisi sitaitaja, haina haja. Nimeitwa saa 2 asubuhi. Kutoka nilikokuwa nakaa, huko Nkuhungu, daladala tatu zimenipita, konda akiona kiti anapiga bodi gari linaondoka, nikachukua bajaji, elfu 5 kwa safari ambayo mwenzangu analipa nauli ya daladala. Nafika, usaili uko ghorofa ya pili, hakuna lifti. Mlinzi na kijana mmoja wa usafi wakanibeba na kiti changu, Mungu awabariki popote walipo, lakini nimeingia chumbani sketi imepanda, kilemba kimekaa upande, jasho linanitoka, na nimekuja na mdogo wangu wa kike kunisukuma. Mzee mmoja kwenye jopo ananiangalia mimi halafu anamuuliza mdogo wangu, "Huyu anaweza kutumia kompyuta?" Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Akanigeukia mimi. Nikajibu naweza, na Excel naijua, niulizeni ya kazi. Hawakuuliza ya kazi, waliuliza nitakuwa naendaje chooni.

Ile kazi sikuipata. Ila swali la choo limenifuata mpaka kazi niliyokuja kupata, na hapa mama zangu mtanielewa zaidi. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa sinywi maji kuanzia saa 12 asubuhi mpaka narudi nyumbani. Kiti changu kina upana wa sentimita 66, mlango wa choo cha ofisi ulikuwa na sentimita 60. Sentimita 6 tu hizo. Na jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua, unakaa dirishani na mafaili midomo imekauka, mwisho nikaugua UTI mara tatu kwa mwaka, na kila nikienda hospitali naandikiwa siku za kupumzika, basi ofisini ikaanza kusemwa unaona, hawa watu wanaumwa umwa sana. Ulemavu haukunilaza siku hata moja. Ulionilaza ni ule mlango.

Bosi aliyekuja baadaye ndo aliniita akaniuliza vizuri, we mwenyewe unahitaji nini ufanye kazi yako? Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo. Nikamwambia choo na pale mlango wa kuingilia ofisini. Choo fundi alibomoa akaweka mlango wa sentimita 90 kwa siku mbili. Pale mlangoni sasa, kuna ngazi tatu, jumla sentimita 45 kwenda juu, fundi akamwaga zege la mita moja na nusu akasema njia ya walemavu hiyo tayari. Ndugu zangu ule ni mteremko mkali, ukishuka peke yako unaishia barabarani! Kanuni inayotumika duniani kwa njia ya kiti mwendo ni 1 kwa 12, ukipanda sentimita 1 uende mbele 12. Kwa hiyo sentimita 45 inataka mita 5.4. Ikabidi livunjwe limwagwe upya likakunja kona, hela imetumika mara mbili, wakati mwenye kiti alikuwepo pale pale ndani na hakuna aliyemwita nje amuulize. Naomba wahandisi na wakandarasi hasa mnaojenga huku Mtumba kwenye mji wa serikali na kwingineko, huu mji unajengwa upya mbele ya macho yetu tangu serikali ihamie, tusipopata njia sasa hivi tutakuja kubomoa.

Halafu kuna mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwetu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na mimi naiunga mkono kabisa, ninao marafiki imewainua. Lakini nina wasiwasi mmoja na nausema wazi. Siku hizi kijana mwenye ulemavu akienda na vyeti vyake kuomba kazi anaambiwa haraka haraka nenda kaunde kikundi mkope. Ana shahada ya takwimu! Wenzake waliomaliza naye hakuna anayewaambia wakafuge kuku. Kujiajiri iwe ni kwa anayetaka, isigeuke mlango wa nyuma wa kututolea maofisini.

Hata huo mkopo, afisa maendeleo ya jamii anatusaidia sana, ila asiyeona anapewa fomu ya karatasi, haina nukta nundu za kusoma kwa vidole, haiko kwenye simu ambako programu ingemsomea, anatafuta mtu wa kumjazia na huyo mtu anajua mpaka namba ya akaunti yake. Hapo Chamwino tuna shule ya wasioona Buigiri, miaka yote inatoa watoto wanaojua kusoma na kuandika vizuri tu. Wakishatoka pale wanakutana na karatasi bubu.

Viziwi nao. Kuna gereji moja hapa mjini ina fundi kiziwi, nimeenda kumuona kwa macho yangu, wamefunga taa ya njano juu ya kila sehemu ya kazi, gari likitaka kushushwa kwenye jeki fundi mkuu anawasha taa kwanza, na oda zote zinaandikwa kwa chaki ukutani. Fundi mkuu ananiambia dada, tangu tuweke ile taa hata wanaosikia ajali zimepungua maana zamani tulikuwa tunapiga kelele tu na jenereta linanguruma. Hiyo taa wala haikuwafilisi.

Na ndugu zetu wenye ualbino, jamani, nimekuta kijana kaajiriwa, sawa, kapangiwa getini, kibanda hakina kivuli, saa 4 mpaka saa 10 jua linamla. Huyo amehesabiwa kwenye asilimia 3 na huku ngozi inaungua. Mhamishieni ndani leo, kofia na losheni vifuate, msisubiri kikao.

Jambo jingine, unaweza ukawa umekaa hapo unasema haya hayanihusu. Bodaboda, mashine, mtu anaamka mzima jioni hana mkono. Kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, mchango anatoa mwajiri, haukatwi mshahara wako, ukiumia kazini dai. Ila ukishalipwa fidia usikubali kirahisi kuambiwa sasa kapumzike nyumbani. Kama kichwa chako kinafanya kazi na mkono mmoja upo, omba ubadilishiwe majukumu, na omba kwa maandishi, weka kopi.

Wazazi, msiwafiche hao watoto ndani, Sabasaba pale Singida kuna chuo cha ufundi cha wenye ulemavu, Yombo kule Dar kipo, ulizeni ustawi wa jamii utaratibu wa kujiunga.

Muda wangu naona mwenyekiti ananionesha saa. Nimekuja na tepu za fundi 10, zile za mita 5, nimenunua hapo Majengo jana. Maafisa utumishi mliopo naomba kila mmoja achukue moja. Kesho asubuhi kabla hujakaa kwenye kiti pima mlango wa choo cha ofisi yako, pima na kimo cha ngazi ya kuingilia, uandike nyuma ya kadi niliyowapa, halafu mnitumie. Kaka mwenye shati la bluu, naomba uanze kuzigawa kutokea huko nyuma.