Fuwele haipokei mgeni: polima inavyoganda na dawa inavyotoka

Haya jamani, ngoja tuanzie kwenye hadubini. Chukua PLLA, ile polima (yaani plastiki ya minyororo mirefu ya molekuli) ya asidi laktiki inayooza mwilini na kubebeshwa dawa, iyeyushe juu ya kioo mpaka nyuzi 200 halafu ishushe mpaka 130 hivi uiache hapo, weka vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, uchungulie. Mwanzoni giza tupu, baada ya muda vinachomoza vidoa vya fuwele, yaani mahali minyororo imejipanga kwa mpangilio, kila kimoja kina msalaba mweusi katikati, vinatanuka polepole mpaka vinagusana. Mimi sijawahi kuchoka kuangalia hiyo kitu.

Pale ndani minyororo inajikunja, inakwenda inarudi, inakwenda inarudi, inajenga vibamba vyembamba sana, unene kama nanomita 10. Ila sio mnyororo wote unaoingia, kuna vipande vinabaki vimelegea katikati ya vibamba na hapo ndo penyewe sasa, maana fuwele haipokei mgeni, dawa uliyoichanganya inasukumwa kwenye hizo sehemu zilizolegea au inatokezea juu kabisa kwenye ngozi ya chembe, kile kipunje cha polima chenye dawa tunachomdunga mgonjwa. Ukidunga hiyo chembe, dawa ya juu inamwagika siku ya kwanza wakati wewe ulipanga itoke mwezi mzima, na kama ni dawa kali mgonjwa ndo anaumia.

Maji nayo yanapita hukohuko palipolegea, yanakata viungo vya esta vinavyoushikilia mnyororo, na vipande vilivyokatwa vikishakuwa vifupi vinapata nafasi ya kujipanga, vinaganda. Yaani polima inaoza huku fuwele inaongezeka! PLGA ya nusu kwa nusu (nusu asidi laktiki, nusu asidi glikoli) haijipangi, inaisha mwezi mmoja au miwili, lakini PLLA inakaa miaka. Kule Uholanzi kuna wagonjwa waliofungwa mifupa ya uso kwa vibati vya PLLA, vilitakiwa viishe vyenyewe, baada ya miaka 3 hivi wengine wakarudi wamevimba palepale, walipofunguliwa vikakutwa vijipande vya fuwele bado vipo.

Kwa hiyo naomba sana, mkiandika kazi zenu andikeni mlipoza kwa kasi gani, maana ndo inaamua fuwele kiasi gani zinajengeka, msiishie kutaja jina la polima. Na wa PCL, polima nyingine inayooza mwilini, msisahau, minyororo yake inacheza mpaka nyuzi 60 chini ya sifuri, hata kabatini inaendelea kujipanga, so sampuli ya leo na ya miezi 3 ijayo sio moja, pimeni tena kabla hamjadunga.