Kuingia Maktaba Ukiwa Githurai

Mhadhara kwa wanafunzi wa uzamili na walimu wao, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa uzamili, hamjambo. Kwenye ratiba mmeandikiwa kwamba nitazungumzia "Huduma za Kidijitali za Maktaba". Kichwa hicho walikichagua waandalizi. Mimi nina jambo moja tu, na baadhi yenu hapa mbele mmenisikia nikilisema mpaka mmechoka: mwanafunzi aliye nyumbani, saa tano usiku, anaingiaje kwenye mtandao wa chuo asome kile ambacho chuo kimeshakilipia? Likitatuliwa nitatafuta la kusema lingine.

Hifadhidata ni nini, jarida la kitaaluma ni nini, hayo sitayaeleza. Kama umefika uzamili na hujui, wakutubi tupo, njoo tuzungumze pembeni bila aibu. Tuanze pale mnapokwama.

Unaandika pendekezo lako la utafiti. Uko nyumbani Githurai, watoto wamelala, stima ipo. Umepata kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, makala uliyokuwa ukiyatafuta wiki nzima, unabofya, na ukurasa unakuambia utoe dola 40. Hizo ni kama shilingi 5,000, kwa kurasa kumi na tano, na pengine ukizisoma utagundua hazikuhusu. Kesho yake mchana uko maktaba, unabofya kilekile, makala yanafunguka bila kuulizwa kitu. Wengine mnahitimisha kwamba kompyuta za maktaba zina kitu cha ziada. Kompyuta zetu mnazijua. Baadhi zinakaribia kupata kitambulisho.

Kinachotofautiana ni anwani. Kila unapoingia intanetini unaonekana kwa anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha umetokea mtandao gani. Chuo kina zake, na vyuo vingi hapa nchini vinaunganishwa na KENET, mtandao wetu wa elimu na utafiti. Orodha ya anwani za chuo tumewapa wachapishaji: JSTOR wanayo, Elsevier wanayo, Emerald wanayo. Seva yao haikujui wewe wala haina haja. Ni kama askari wa geti la mtaa anayeangalia stika ya gari na kufungua, dereva awe nani. Ukiwa nyumbani unatokea kwa anwani ya kampuni inayokuuzia intaneti, nayo haimo kwenye orodha. Ukiwa kwenye bando la simu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kampuni za simu huwatoa wateja wengi kwa pamoja kupitia anwani chache. Mchapishaji anaona umati tu.

Njia za kulivuka hilo zipo, na si mpya. Ya kawaida ni proksi ya maktaba. Programu inayojulikana zaidi, EZproxy, ilitoka mwaka 1999. Wengi mlio hapa mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnatambaa. Unaanzia kwenye ukurasa wa maktaba, unachagua hifadhidata, unaweka namba yako ya usajili na nywila, kisha seva ya chuo inakwenda kwa mchapishaji kwa niaba yako. Anayeonekana kule ni chuo. Hupakui programu yoyote. Tazama tu juu kwenye kivinjari: jina la chuo litakuwa limejibandika kwenye anwani ya mchapishaji. Usipoliona, hujapita kwetu, na ndiyo maana unaombwa dola. Nasisitiza: anzieni kwetu. Ukianzia Google na ukabofya moja kwa moja, proksi haijui hata kama umeamka. Ukiipenda sana Scholar, ingia kwenye mipangilio yake, kuna sehemu ya viungo vya maktaba, andika jina la chuo chako. Kama maktaba yako imejisajili huko, kiungo chetu kitakuwa kinatokea kando ya makala.

Halafu kuna VPN ya chuo. Hiyo unaiweka kwenye laptopu, na kompyuta yako inahesabiwa kama iko ndani ya chuo. Ukitaka seva za idara, au programu ya takwimu ambayo leseni yake inakaguliwa na seva ya chuo, hiyo ndiyo njia.

Sasa nimetaja VPN na nimeona watu wakitabasamu. Najua. Telegram ilipozimwa wakati wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, nusu ya Nairobi ilijifunza VPN ndani ya siku moja. Kwa hiyo sasa kila mtu ana VPN ya bure kwenye simu, na kila muhula ananijia mwanafunzi: "Mwalimu, nimewasha VPN na bado makala hayafunguki." Nikiangalia simu yake, yuko Uholanzi! Hiyo programu imemtoa Githurai ikampeleka Amsterdam, na Amsterdam hatujalipa. VPN ya bure na VPN ya chuo zinafanana jina na ufundi, lakini kila moja inakushusha kituo chake. Tena hiyo ya bure umempa mtu usiyemjua nafasi ya kukaa kati yako na kila tovuti unayoifungua. Ya chuo nayo inaona kitu, sikatai. Inaona ulikokwenda wakati imewashwa. Basi ukimaliza kusoma, izime. Usitazamie mpira kupitia VPN ya chuo, halafu uandike barua kulalamika kwamba maktaba iko polepole.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kwenye tovuti za wachapishaji wengi kuna mahali pa kuingia kupitia taasisi yako. Unachagua chuo, unarudishwa kwenye ukurasa wa chuo chako mwenyewe, unaweka nywila pale, na chuo kinamjibu mchapishaji: ndiyo, huyu ni wetu. Haijalishi uko wapi wala unatumia bando la nani. Hapa Kenya shirikisho la utambulisho linaloshughulikia hilo liko chini ya KENET, linaitwa RAFIKI, na limeunganishwa na eduGAIN, inayounganisha mashirikisho kama hayo kimataifa. Lakini lazima chuo kiwe kimejiunga, na kiwe na orodha safi ya watu wake. Nani yuko, nani amehitimu, nani ameacha.

Na hapo kwenye orodha ya watu ndipo ninapotaka kukaa, Bwana Mwenyekiti, hata ukinionyesha saa.

Njia zote tatu zinaishia kwenye nywila. Mwanafunzi akiisahau, au akiwa hajaiamsha akaunti yake tangu asajiliwe, afanye nini? Chuo kimoja hapa jijini, sitakitaja na msinitazame hivyo, kilikuwa na mwanafunzi wa uzamili, muuguzi, anafanya kazi Lodwar. Amesajiliwa kusoma kwa masafa, maana yake chuo kilimkubali kikijua hatakuwa Nairobi. Akaunti yake ikajifunga. Akaandika barua pepe kwa idara ya tehama. Akajibiwa: fika ofisini wewe mwenyewe na kitambulisho halisi. Akauliza kama anaweza kutuma picha. Akajibiwa kwa sentensi ileile, hata nukta hawakuibadilisha.

Akabadilishana zamu na mwenzake. Akapanda basi kupitia Kitale, usiku kucha. Akafika kwenye ofisi hiyo kabla tu ya saa saba, na saa saba ni chakula. Akangoja. Saa nane ofisi ikafunguliwa, mfumo haufanyi kazi. Akangoja tena. Hatimaye kijana wa tehama, kijana mzuri tu, mwenye adabu, akachukua kitambulisho, akakitazama, akamtazama mama, akabonyeza. Dakika mbili. Hakuulizwa hata swali moja ambalo lisingeulizwa kwa simu. Na nywila mpya ikatumwa vipi? Kwa ujumbe mfupi. Ikaingia kwenye simu ileile aliyokuwa nayo Lodwar, kwa namba ileile ambayo chuo kilikuwa nayo tangu siku alipojaza fomu.

Mnacheka. Yeye alipanda basi tena jioni hiyo, kwa sababu asubuhi ya pili alikuwa kazini.

Najua nitakachoambiwa na wenzangu wa tehama, wapo hapa na ni rafiki zangu. Wataniambia usalama. Wataniambia mtu anaweza kujifanya mwanafunzi akaiba akaunti. Ni kweli, anaweza. Lakini katika mji huuhuu mtu anatuma karo ya mtoto kwa M-Pesa akiwa amebanwa dirishani mwa matatu. Anawasilisha ushuru KRA kwa simu. Serikali inampa huduma za eCitizen bila kumwona uso. Wote hao wanalinda vitu vyenye thamani kuliko uwezo wa kusoma makala kuhusu udongo wa Nakuru. Kama namba ya simu iliyosajiliwa pamoja na maswali machache inatosha kwa pesa, kwa nini isitoshe kwa majarida? Na kama haitoshi, mpigieni simu ya video aonyeshe kitambulisho kando ya uso wake. Kijana wa tehama atatazama kitambulisho, atamtazama mama, atabonyeza. Kazi ileile.

Tena mlango wenyewe ulijengwa kwa ajili ya nani? Aliye bwenini hauhitaji, yuko ndani tayari. Unamhitaji aliye Lodwar, aliye Garissa, mwalimu anayesoma wikendi, mama mwenye mtoto mchanga Rongai. Haohao ndio wasioweza kufika ofisini katikati ya wiki.

Kuna jingine linalokwenda pamoja na hilo: karo. Hujamaliza karo, hujasajili masomo ya muhula, akaunti yako ya maktaba inazimwa. Ndugu zangu wa fedha watasema ndiyo njia pekee ya kumfanya mtu alipe. Sibishani na ofisi ya fedha kuhusu mtihani, wala kuhusu cheti. Nasema kuhusu maktaba tu. Mikataba ya majarida, na tunainunua kwa pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, mara nyingi bei yake huangalia idadi ya wanafunzi wa chuo. Yule mwenye deni tumemhesabu. Tumelipa kwa kichwa chake. Halafu tunamfungia nje asome kidogo, achelewe kuandika tasnifu, akae mwaka mwingine, deni liongezeke. Niambieni nani anafaidika hapo, mimi nimekosa.

Na yule kijana nyuma kabisa anayenong'ona Sci-Hub, ile tovuti inayotoa makala bure bila ruhusa ya wachapishaji, nimekusikia. Tangu 2011 iko, najua mnaitumia, sijifanyi mtakatifu kwamba sielewi kwa nini. Nakuuliza la kazi tu: tangu ile kesi ambayo wachapishaji waliifungua dhidi yake Delhi, India, mwisho wa 2020, makala mapya kule yalikoma kuingia kwa kiasi kikubwa. Msimamizi wako anakuuliza tafiti za miaka mitatu iliyopita. Utampelekea nini?

Mwenyekiti amenionyesha karatasi imeandikwa dakika tano. Haya, kwa haraka.

Eduroam: ile waifai inayokukubali ukitembelea chuo kingine, hapa au hata ng'ambo, kwa akaunti ya chuo chako. Ni nzuri sana, lakini haifiki sebuleni kwako. Usiitafute nyumbani.

Usimpe mtu nywila yako. Si binamu, si mpenzi, si yule jamaa wa saiba anayekuandikia tasnifu. Ndiyo, nimesema. Wachapishaji wanaona akaunti moja ikifunguliwa Nairobi na kwingine mbali dakika hiyohiyo. Na msipakue jarida zima kwa mkupuo kwa kutumia programu ya kunyonya. Wakiligundua hufunga anwani inayoonekana, na ukiwa umepita kwenye proksi anwani hiyo ni ya chuo, kwa hiyo mnafungiwa wote, pamoja na profesa wako.

Gharama ya bando: makala ya PDF kwa kawaida ni megabaiti chache tu. Video moja ya mhadhara inakula mara nyingi zaidi ya hapo. Msiniambie bando ndilo linalowazuia kusoma.

Nilikuwa nizungumzie seva za kukokotoa na data za utafiti, sitaweza. Walimu wa sayansi wanisamehe, waniite idarani kwao.

Sasa, wenye laptopu na simu, msiondoke. Kijana wa tehama, si yule wa kwenye hadithi, ameketi pale mlangoni kwenye meza ya bluu na amekubali kufungua akaunti zilizojifunga hapahapa. Ambaye mwenzake wa darasa hakuweza kuja leo, ampigie simu sasa hivi aonyeshe kitambulisho kwa video. Tumemwomba kijana, amesema atajaribu na mmoja tuone.