Betri ya Ndani: Kuichagua na Kuitunza katika Gari la Kulala Safarini

Mabibi na mabwana, madereva wenzangu, nanyi mafundi mliofunga gereji mapema ili mfike hapa Arusha jioni hii, nawashukuru.

Nimeombwa nieleze ni betri gani iliyo bora kwa gari-nyumba, yaani gari ambalo mtu hulala, hupika na huhifadhi chakula ndani yake akiwa safarini. Mada nimeikubali, ila naomba ruhusa nisianzie dukani, kwa sababu swali hilo halijibiki kabla hatujajua betri itajazwa na nini, kwa muda gani, na kwa waya wa unene gani. Betri ninayoizungumzia nitaiita betri ya ndani, kuitofautisha na ile ya kuwashia injini.

Mwaka juzi nililetewa Land Cruiser iliyotengenezewa paa la kuinuka, yenye friji nyuma na kitanda juu. Mwenye gari alikuwa amenunua betri mbili za AGM, yaani betri za risasi na asidi zilizofungwa zisimwagike, kila moja ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na baada ya miezi 14 tu zilikuwa haziwezi kuendesha friji hadi alfajiri. Aliamini ameuziwa betri feki, na alikuwa njiani kwenda kugombana na muuzaji. Tuliwasha injini, tukapima. Kwenye altaneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, mita ilisoma volti 14.3, kwenye betri, chini ya kiti cha nyuma, ilisoma 12.9. Volti 1.4 zilikuwa zimepotelea njiani. Waya uliotumika ulikuwa wa milimita za mraba 6, na ukihesabu kwenda na kurudi ulikuwa na urefu wa mita 12, huku ukipitisha ampea 40. Anayejua hesabu ya shaba atakuta upotevu ni huo huo tuliousoma kwenye mita. Tulipovuta waya wa milimita za mraba 25, upotevu ulishuka hadi theluthi moja ya volti.

Mtu atasema kwamba kadiri betri inavyojaa ndivyo mkondo unavyopungua, upotevu nao ukapungua, hivyo mwishowe betri ingejaa tu. Ni kweli, kama gari lingeendeshwa mchana kutwa. Lakini gari la safari hutembea saa mbili, huzimwa watu wamwangalie simba, hutembea nusu saa nyingine, kisha hufika kambini na friji huanza upya kula umeme. Betri ile ilikuwa ikilala na njaa kila siku kwa miezi 14.

Betri ya risasi ikilala na njaa, madhara yake hayafutiki kwa urahisi. Kila inapotoa umeme, mabamba yake hufunikwa na chembe za salfeti ya risasi. Ikijazwa mapema na kikamilifu, chembe hizo huyeyuka na kurudi zilikotoka. Ikiachwa nusu kwa majuma, zinakua, zinakuwa ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Ndiyo maana betri ya ampea-saa 100 inaweza kusoma volti nzuri asubuhi, halafu ikazimia baada ya saa tatu za friji. Kwa uzoefu wangu, betri nyingi tunazozitupa zimekufa kwa ugonjwa huu, si kwa uzee.

Sasa tuje kwenye kuchagua, na kuchagua kunaanza na kalamu. Friji ya kompresa ya lita 40 hivi hula takriban wati 45 inapozunguka. Kwenye joto la kule chini Ziwa Natron mashine yake huzunguka karibu nusu ya siku, na hiyo ni kama ampea-saa 45 kwa saa 24. Taa za LED hazifiki 5. Simu, kamera na kompyuta ya mgeni, kwa kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, tuseme 15. Pampu ya maji haina uzito wowote katika hesabu hii. Jumla ni ampea-saa 65. Anayetaka birika la umeme au jiko la umeme aihesabu upya, na namshauri abaki na gesi.

Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu yake mara kwa mara, kwa hiyo mahitaji ya 65 yanataka betri ya 130 kwa siku moja, na kwa siku ya mawingu au ya kutotembea kabisa nisingefunga chini ya 200. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huvumilia kutumiwa asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo ya 100 hutosha siku moja na kubakiza kidogo.

Kuhusu N70 ya kawaida, ile inayouzwa kila duka la vipuri, nitasema kwa ufupi: hiyo ni betri ya kuwashia. Mabamba yake ni membamba na mengi, yameundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha kujazwa papo hapo. Ukiifungia friji unaiua. Wapo wanaozifunga kwa kuwa ni rahisi, na kila mwaka wananunua nyingine.

Betri za maji zenye mabamba manene bado nina heshima nazo. Unaweza kuzifungua, ukapima kila seli kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, na kujua ipi inaumwa. Kasoro yake ni kwamba hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa, kwa hiyo hazistahili kuwekwa chini ya kitanda anacholalia mtu pasipo sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje. AGM imefungwa, haimwagiki, inastahimili mtikisiko wa barabara zetu kuliko betri ya maji, lakini ukiichemsha kwa chaji kubwa mno maji yaliyopotea huwezi kuyarudisha.

Lithiamu ndiyo ningemshauri anayeweza kuilipia, na sababu yangu kubwa si uzito, ingawa kilo 12 dhidi ya 30 si jambo dogo. Sababu ni kwamba haidhuriki kwa kubaki nusu, na magari yetu hubaki nusu daima. Ila isifungwe moja kwa moja kwenye altaneta. Betri hii inapokuwa tupu humeza mkondo wote inaopewa, na altaneta iliyolazimika kutoa nguvu zake zote injini ikiwa mlio wa chini, bila upepo wa kutosha wa kuipoza, huungua. Fungeni kati yake chaja ya DC ya ampea 30 au 40 inayozuia mkondo usipite kiasi, na inayopandisha volti hadi 14.4 hata zile zinazofika zikiwa pungufu. Chaja hiyo ingemponya hata yule mwenye AGM. Onyo la kutochaji lithiamu chini ya nyuzi sifuri linawahusu zaidi wageni wanaoleta magari yao kutoka Ulaya. Ukingoni mwa Ngorongoro usiku hupiga baridi, lakini betri iliyo ndani ya gari ni nadra kufika huko.

Adui wetu sisi ni joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Kwa hiyo betri isikae katika chumba cha injini, hata kama hapo ndipo penye nafasi na waya ni mfupi, na kontrola ya sola iwe na kihisi cha joto kilichobandikwa kwenye betri yenyewe ili ipunguze volti za chaji kukiwa na joto. Paneli ya wati 200 juu ya paa hurudisha kama ampea-saa 60 siku ya jua zuri, lakini mkiegesha chini ya mgunga kutafuta kivuli, msiilaumu.

Katika matunzo nina ugomvi na neno moja. Tunaposema "maji ya betri", mmoja anamaanisha maji safi yaliyotoneshwa na mwingine anamaanisha asidi, na nimeona seli zilizoongezwa asidi kila mwezi hadi mabamba yakaliwa. Kinachopungua ni maji. Asidi haiendi popote isipokuwa betri imemwagika. Ongezeni maji yaliyotoneshwa pekee, baada ya kuchaji, yafunike mabamba bila kufika mdomoni. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, vifuniko vikiwa vimefungwa vizuri, maana tone likiingia ndani linaua asidi inayohitajika. Kausheni, kazeni, pakeni grisi. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, kwa sababu waya uliochubuka kati ya betri na fyuzi ni moto.

Mnapopima, ipumzisheni betri ya risasi saa kadhaa bila chaji wala mzigo: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 imekwisha. Lithiamu haipimwi hivyo, kwa kuwa hukaa karibu na volti 13.2 sehemu kubwa ya safari yake kisha huanguka ghafla. Inahitaji mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Masika yakifika na magari yakaegeshwa, betri ya risasi iachwe imejaa na irudiwe kuchajiwa kila mwezi, na ya lithiamu iachwe karibu nusu, zote zikiwa zimechomolewa hasi, kwa sababu redio na king'ora cha wizi hunywa kidogo kidogo usiku na mchana.

Gari nililokuja nalo liko pale uani, na kiti cha nyuma nimekwisha kukifungua. Limezimwa tangu saa sita. Fundi yeyote mwenye mita na aje tupime, kisha tuwashe injini tupime tena pande zote mbili za waya.