Mbegu ya pinki ukiiosha inakuwa chakula?

BARAKA: Karibuni tena jamani, niko na dada Rehema kama kawaida. Kabla hatujaanza, hebu niambie, kwenu mbegu ya mahindi ikibaki baada ya kupanda mnaifanyaje?

REHEMA: Aisee, bibi yangu alikuwa anaiosha. Zile za pinki si unazijua, ukishika tu vidole vyote vyekundu. Anaziloweka kwenye ndoo, anamwaga maji, anarudia mara tatu nne mpaka zinarudi nyeupe kabisa, anaanika kwenye mkeka, alafu makande.

BARAKA: Makande!

REHEMA: Njaa bwana. Mwezi wa kwanza ghalani hamna kitu, utamwambiaje mtu mzima atupe mahindi?

BARAKA: Basi hiyo hiyo ndo iliyotokea Iraki, ila kule ilikuwa balaa la nchi nzima. 1971 serikali iliagiza mbegu, ngano ya kutoka Meksiko na shayiri ya Marekani, maelfu ya tani, zikashushwa bandari ya Basra. Zimepakwa dawa ya ukungu yenye zebaki ili zisioze udongoni, na zimetiwa rangi ya pinki mtu ajue hii sio ya kula.

REHEMA: Magunia si yaliandikwa lakini?

BARAKA: Yaliandikwa, Kihispania na Kiingereza.

REHEMA: Kwa Waarabu!

BARAKA: Kwa Waarabu. Alafu mzigo mwingine umefika watu wameshapanda, kwaiyo mbegu imekaa tu ndani na watu wana njaa. Wakaosha, rangi ikatoka, wakajua na sumu imetoka. Na usiwaone wajinga, wengine walijaribu kabisa, wakawapa kuku na mifugo, wakaangalia siku kadhaa, kuku mzima, kondoo mzima, basi saga unga oka mkate. Kumbe ile zebaki inajikusanya mwilini taratibu, wiki na wiki unakula unashiba huna hata kichwa kuuma.

REHEMA: Hapo ndo pananitisha, maana hata kwetu kipimo ni hicho hicho, mpe kuku kwanza.

BARAKA: Ikija kujionyesha sasa, unaanza ganzi mdomoni na kwenye vidole, unatembea unayumba kama umelewa, macho yanaona mbele tu pembeni giza, wengine wakapofuka kabisa. Hospitali zilipokea watu 6,530, waliofia humo humo ni 459. Wa vijijini ambao hawakufika hospitali hawamo kwenye hiyo hesabu.

REHEMA: Na wajawazito?

BARAKA: Dah. Hiyo zebaki inapita kondo la nyuma kama vile mlango uko wazi, damu ya mtoto inakutwa na nyingi kuliko ya mama yake. Kuna mama analalamika ganzi kidogo tu, mtoto anazaliwa ubongo umeshaharibika. Na kinachoniudhi mimi, Iraki ilishawahi kupigwa na mbegu za zebaki 1956, ikapigwa tena 1960! Mtu mzima unaagizaje tena?

REHEMA: Sasa bibi yangu alikula zebaki?

BARAKA: Hapana, mbegu zetu mara nyingi ni thiramu na dawa zingine, sio zebaki. Ila thiramu nayo ina vituko vyake, ni ndugu na kile kidonge wanachopewa walevi ili pombe iwashinde. Ikikuingia mwilini alafu ukapitia kilabuni, uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika.

REHEMA: Subiri subiri! Mjomba wangu alishinda siku nzima anapanda kwa mikono hana glovu, jioni kikombe kimoja tu cha ulanzi kaanguka, watu wakasema karogwa kilabuni, mpaka mganga aliitwa!

BARAKA: Hahaha, mganga kala hela ya thiramu. Na sio mbegu tu, hata ule unga unaouona kwenye nyanya sokoni, mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu wanayopulizia shambani. Ikivunjika inatoa kitu kinachoisumbua tezi ya shingoni, hiyo inayovimba tunaita goita. Umoja wa Ulaya waliikataa 2020, kwa sababu inavuruga homoni na inaweza kumdhuru mtoto tumboni, huku kwetu bado inauzwa dukani.

REHEMA: Na mpiga dawa amejifunga kanga mdomoni.

BARAKA: Kanga imelowa dawa yenyewe.

REHEMA: Lakini kaka, yale maji ya kuoshea mbegu bibi alikuwa hamwagi hovyo, anampelekea nguruwe. Si anapikia pumba humo.

BARAKA: Weee. Sasa sikiliza, Marekani, New Mexico, 1969. Kuna baba aliokota mabaki ya mbegu zenye zebaki akalishia nguruwe zake, akachinja mmoja, familia ikala nyama yake. Miezi michache mbele watoto watatu hoi, wanashindwa kutembea, wanashindwa kuongea. Mama yao alikuwa na mimba, na yule mtoto akazaliwa ameharibika. Hawa hata mbegu yenyewe hawakuigusa mdomoni, walikula nguruwe.

REHEMA: Baraka, ngoja kidogo tusimamishe, nimpigie mama. Kuna mfuko wa mbegu umebaki stoo tangu mwezi wa kumi na mbili, na nguruwe wako wawili bandani.

BARAKA: Mpigie, mwambie aufunge vizuri akapande msimu ujao.

REHEMA: Haloo, mama shikamoo... eeh, ule mfuko... umeosha?