Ghadhabu, Fadhaa, Huzuni na Wasiwasi: Mazungumzo Kuhusu Tiba ya Nafsi ya Abu Zayd al-Balkhi

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nimekuja na maneno manne ambayo kila mmoja wenu amewahi kuyatamka, pengine wiki hii hii: ghadhabu, fadhaa, huzuni na wasiwasi. Ndugu Hamisi, ukiyakuta yamepangwa pamoja, utadhani umefungua kitabu gani?

HAMISI: Utenzi, dada Salma, au barua ya mtu aliyeachwa.

SALMA: Ni kitabu cha tiba. Kiliandikwa kwa Kiarabu na Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, na kufariki mwaka 934. Jina la kitabu ni Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi, na Mswahili hahitaji kufasiriwa sana, kwa kuwa maslahi ni maslahi na nafsi ni nafsi. Sehemu ya kwanza, yenye sura 14, inahusu mwili: hewa, maji, chakula, usingizi, mazoezi na kadhalika. Sehemu ya pili ina sura 8 zinazohusu nafsi, na nne za mwisho ndizo zinazoshughulikia hayo maneno manne, kila moja na ugonjwa wake na dawa yake. Neno lake fazaa ndilo sisi tunalolitamka fadhaa.

HAMISI: Nijuavyo mimi, huyu ni mtu wa jiografia. Wanaosoma historia ya ramani humtaja sana.

SALMA: Ndiye huyo huyo, na ndiyo maana madaktari walichelewa kumgundua. Hoja anayoanza nayo katika sehemu ya nafsi ni nyepesi kuielewa, lakini ina uzito. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kupatwa na maradhi mengi ya mwili, ilhali hakuna apitishaye siku nyingi bila kukasirika, kuhofu au kusononeka. Kwa hiyo yeye anaona ajabu kwamba vitabu vya matabibu vimejaa homa na vidonda, na vimenyamaza kuhusu jambo linalomsumbua kila mtu.

HAMISI: Na dawa yenyewe ni ipi? Maana kumwambia mwenye huzuni kwamba asihuzunike ni ushauri tulioupata sote, na haujamponya yeyote.

SALMA: Hapo ndipo ninapompenda. Anasema kwamba, kama vile mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, ndivyo mtu anavyopaswa kuweka akiba ya mawazo mazuri wakati nafsi yake imetulia, ili dhoruba ikija ayakute yako tayari. Mtu aliyekwisha kupandwa na ghadhabu hawezi kuanza kutafuta hoja za kujituliza, kwa sababu akili anayoihitaji kwa kazi hiyo ndiyo iliyovurugika. Kuhusu hofu anatoa mfano wa msafiri aliyetoka nchi ya joto, ambaye hajawahi kuona ukungu. Kwa mbali anauona kama kitu kigumu kilichoziba njia, na moyo unamwenda mbio. Akiukaribia na kuingia ndani yake, anakuta ni hewa yenye unyevu tu, na miguu yake inaendelea kukanyaga njia ile ile.

HAMISI: Msambaa wa Lushoto angemcheka msafiri huyo, lakini mfano umeeleweka.

SALMA: Kuhusu huzuni anatenganisha mambo mawili ambayo hata leo huchanganywa. Ipo huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na hiyo huitibu kwa fikra na maneno. Ipo nyingine isiyo na sababu mwenyewe anayoijua, na hiyo anaihusisha na hali ya damu na mwili, kwa hiyo anataka mwili nao utibiwe. Ama mwenye wasiwasi, yaani yule ambaye wazo moja la kutisha linamrudia asiweze kulifukuza, anamshauri asikae peke yake, kwani upweke ndio unaoyapa nafasi mawazo hayo.

HAMISI: Haya, nikuulize swali la ubishi. Mtandaoni nimeona watu wakimwita baba wa saikolojia ya kisasa. Je, ni kweli, au ni sisi tunaotafuta baba kwa kila elimu?

SALMA: Mimi siwafuati. Kitabu chake kilibaki katika miswada ya maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul, na nakala ya picha ya mswada huo ikachapishwa Frankfurt mwaka 1984. Mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi mwaka 2013. Walioanzisha tiba ya mazungumzo ya kisasa walifika kwa njia yao wenyewe. Kumsifu al-Balkhi hakuhitaji kuwanyang'anya wengine jasho lao. Ukitafuta athari inayofuatilika, mwendee Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037. Kitabu chake cha tiba, al-Qanun, kilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo katika karne ya 12, na kikafundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17.

HAMISI: Na nyumbani kwetu athari ilikuja bila chuo kikuu. Bibi yangu wa Pangani hakuwahi kulisikia jina la Ibn Sina, lakini alikuwa akituambia kwamba tango ni baridi na tangawizi ni hari, na mwenye mafua akikaribia tango alipigwa kofi la mkono. Hari, baridi, yabisi, yaani ukavu, na rutuba, yaani unyevu, ni mizani ile ile ya matabibu wa Kigiriki ambayo Waislamu waliihifadhi na kuipanua. Hata safura, ambayo kwao ilikuwa nyongo ya manjano, kwetu imegeuka jina la ugonjwa unaoletwa na minyoo.

SALMA: Basi sikia jinsi Ibn Sina anavyolitumia neno letu. Katika al-Qanun anauita ugonjwa wa mapenzi maradhi ya wasiwasi. Mgonjwa amekonda, macho yameingia ndani, na anakataa kumtaja anayempenda. Tabibu anamshika mshipa wa mkono na kuanza kutaja majina, moja baada ya jingine, kwa utaratibu. Jina fulani likipita, mapigo yanabadilika na kukosa mpango. Tabibu anarudia jina hilo mara kadhaa ili ahakikishe, kisha anataja mitaa, nyumba na kazi za watu, akiviunganisha na jina lile, mpaka anajua ni nani.

HAMISI: Hilo si alilibuni Galen, yule tabibu wa Kigiriki wa kale? Alisimulia mkasa wa bibi ambaye mapigo yake yalivurugika alipotajiwa mcheza ngoma aitwaye Pylades.

SALMA: Galen alitangulia, nakubali, naye Ibn Sina alikuwa msomaji wake. Tofauti ni kwamba Ibn Sina ameufanya mkasa kuwa kipimo chenye hatua, na anasema amekijaribu mwenyewe.

HAMISI: Na tiba?

SALMA: Ikiwezekana kwa njia inayoruhusiwa na dini na sheria, waoane. Anasimulia kwamba alimwona mgonjwa aliyedhoofika vibaya, mwenye homa za muda mrefu, akarudiwa na nguvu na nyama za mwili kwa siku chache tu baada ya kumpata aliyemtaka, hata tabibu mwenyewe akastaajabu jinsi mwili unavyoyatii mawazo ya nafsi.