Nani Alishika Moto? Ramani ya Mafundi wa Fremu za Baiskeli wa Marekani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, na ndugu zangu wapenzi wa baiskeli, nashukuru kwa nafasi hii, ingawa najua wamo humu ukumbini waliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili mpaka wamelikariri. Nitalisema tena, kwa sababu ramani zinaendelea kuchorwa na bado zinalikosea. Kila anayeketi kuchora ramani ya mafundi wa Marekani waliounda fremu za chuma kwa mikono yao, hasa wale wa kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1990, huanza na jina lililobandikwa kwenye bomba la fremu, akalitafutia anwani, akachomeka pini: Saratoga Springs moja, Oakland moja, Portland moja, basi, kazi imekwisha. Mimi nasema haijaanza. Pini ikae pale palipowashwa moto wa kuungia mabomba ya fremu, na mtu wa kuandikwa awe ni yule aliyeushika.

Sitawachosha kwa kueleza fremu ni kitu gani, wala jinsi Wamarekani walivyopagawa na baiskeli mwanzoni mwa miaka ya 1970 hata mwaka 1973 peke yake zikauzwa takribani milioni 15. Hayo mnayajua. Niende kwenye mfano wangu wa siku zote, na waliouchoka wanivumilie.

Tarehe 5 Juni 1988, mashindano ya Giro d'Italia, mbio za baiskeli za kuizunguka Italia, yalipitishwa kwenye njia ya mlima Gavia, kaskazini mwa Italia, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na theluji ikawakuta waendeshaji huko huko juu, miguu wazi, mikono imekufa ganzi kiasi cha kushindwa kubana breki. Wapo waliokimbilia ndani ya magari ya timu kujipasha moto kabla ya kuthubutu kuteremka. Mmarekani Andy Hampsten wa timu ya 7-Eleven hakusimama kwa lolote la kumchelewesha. Alifika Bormio wa pili, sekunde 7 tu nyuma ya Mholanzi Erik Breukink, akavikwa fulana ya waridi ya kiongozi, na wiki moja baadaye akawa Mmarekani wa kwanza kuishinda Giro. Picha za siku hiyo zimezunguka dunia nzima. Ukizitazama vizuri, fremu aliyoipanda imeandikwa Huffy.

Huffy ni kampuni ya Ohio, iliyojipatia jina kwa baiskeli za watoto za bei nafuu zinazouzwa kwenye maduka makubwa, rafu moja na mashine za kukatia nyasi. Basi mchora ramani wetu, kwa moyo mweupe kabisa, anachukua pini yake na kuichomeka Ohio, anaandika chini yake "Giro 1988", na anaendelea na jina linalofuata. Lakini fremu ile haikutoka Ohio. Ilitoka mikononi mwa John Slawta, fundi wa kusini mwa Oregon, ambaye fremu za jina lake mwenyewe huitwa Landshark na hupakwa rangi za kelele ambazo hazifanani hata kidogo na ile iliyoonekana kwenye picha za Gavia. Na si hivyo tu. Fremu nyingine za timu hiyo hiyo, zenye jina hilo hilo la Huffy, ziliundwa na Ben Serotta kule Saratoga Springs, jimbo la New York. Jina moja, karakana mbili zilizo kwenye ncha mbili za nchi, na pini imesimama katikati, mahali ambapo hakuna hata mmoja kati ya mafundi hao wawili aliyewahi kuwasha mtungi wake wa gesi kwa ajili ya fremu hizo.

Najua mtaniambia: aliyelipa ndiye mwenye jina, na hapa hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa hata huko Ulaya timu nyingi zimepanda fremu za fundi mmoja zenye stika za mwingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Huffy ilitoa fedha, timu ilizihitaji, na bila fedha hizo pengine Hampsten asingefika hata mguuni pa mlima. Anayechora ramani ya wafadhili aiweke Ohio, na mimi nitamshika mkono wakati anachomeka pini yake. Ila ukisema unachora ramani ya mafundi, halafu ukamwacha fundi nje kwa sababu stika haikumtaja, umechora kitu kingine, na nakuomba ukibadilishie kichwa.

Kuna swali jingine ambalo huulizwa kila mara, nalo ni la haki: tutajuaje, ikiwa stika inasema uongo? Stika hubanduliwa, rangi hupigwa upya, lakini kazi ya chini haibadiliki. Pinduza fremu, toa krenki na ekseli ya pedali, kisha mulika tochi ndani ya kile kikombe cha chini ambamo mabomba mawili makubwa na madogo mawili hukutana. Utaona kama ncha za mabomba zilikatwa kwa tupa hadi zikaoana, au kama ziliachwa na pengo ambalo shaba ililazimika kuliziba. Utaona kama shaba ilipita kwenye kiungio kuanzia nje hadi ndani, ikaacha mstari mwembamba usiokatika, au kama iliishia njiani. Geukia kiungio cha chini ya kiti: yale mabomba mawili membamba yanayopanda kutoka gurudumu la nyuma yamefungwa vipi pale juu? Kuna fundi anayeyakata mshazari na kuyaziba kwa kipande bapa, kuna anayechonga kipande chenye mbonyeo, kuna anayeyazungusha mpaka yakutane nyuma ya bomba la kiti. Mtu akishafanya hivyo mara mia mbili, mkono wake haubadiliki kwa sababu mteja amemletea stika nyingine. Kuna pia suala la joto. Aliyeunga kwa shaba ya njano alihitaji karibu digrii 900 za sentigredi. Aliyeunga kwa mchanganyiko wa fedha alitosheka na chini ya 700, na mabomba mepesi ya Kiitaliano ya Columbus SL, ambayo ukuta wake katikati ni milimita 0.6 tu, hayapendi kuchomwa zaidi ya lazima. Fundi huchagua moja kati ya hizo kutokana na alivyofundishwa, na hapo ndipo ninapotaka kufika: alifundishwa na nani?

Ramani yenye pini bila mistari haiwezi kujibu swali hilo. Chukueni Chicago. Emil Wastyn, mhamiaji kutoka Ubelgiji, ndiye aliyeziunda Paramount za kwanza, baiskeli za mbio za kampuni ya Schwinn, mwaka 1938, na karakana ya familia yake ikaendelea kwa mwanawe Oscar. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana mwendesha baiskeli aitwaye Albert Eisentraut alijifunza kazi katika karakana hiyo, akahamia California, na huko Oakland akawa si fundi tu bali mwalimu wa mafundi. Bruce Gordon alipita kwake. Mark Nobilette alipita kwake. Mwaka 1974 Joe Breeze wa Marin, California, alihudhuria darasa lake, na mwaka 1977 Breeze huyo akaunda Breezer ya kwanza, baiskeli ya milimani iliyoundwa kwa ajili ya kazi hiyo tangu bomba la kwanza, ambayo leo ni mali ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Ukiwa na pini tu, Chicago ya 1938 na Marin ya 1977 hazijuani. Ukivuta mstari, unaona kwamba baiskeli ya milimani ina babu Mbelgiji.

Tena mstari mwingine hauwezi hata kuvutwa ukibaki ndani ya mipaka ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana watatu Wamarekani, Richard Sachs, Peter Weigle na Ben Serotta, walivuka bahari kwenda kujifunza katika karakana ya Witcomb, mtaa wa Deptford, London. Serotta akarudi Saratoga Springs. Sachs na Weigle walirudi wakafanya kazi Witcomb USA, East Haddam, Connecticut, ambako baadaye Chris Chance naye alifanya kazi kabla ya kuanzisha Fat City Cycles huko Somerville, Massachusetts, mwaka 1982. Sachs alianza kujitegemea mwaka 1975. Kwa hiyo ramani ya Marekani isiyokuwa na Deptford imekatwa mzizi, na anayeniambia kwamba Deptford iko Uingereza ananiambia jambo ambalo nalifahamu.

Carlsbad, California, ni kinyume cha Huffy. Pale jina lilikuwa la Milano: mwaka 1973 Faliero Masi, bingwa wa fremu za mbio aliyekuwa na karakana chini ya uwanja wa mbio za baiskeli wa Vigorelli, aliuza haki ya jina lake, na Masi zikaanza kuundwa kusini mwa California. Aliyesimamia kazi ya kuunga alikuwa Mario Confente, aliyetoka Italia. Lakini kwenye meza za kazi walikuwamo pia Brian Baylis na Mike Howard, ambao baadaye waliunda fremu zao wenyewe kwa jina la Wizard, na miaka michache baadaye akaja Mwingereza Dave Moulton, ambaye fremu zake za Fuso bado zinatafutwa. Confente alifariki mwaka 1979, muda mfupi tu baada ya kuanza kuunda kwa jina lake. Wakusanyaji wengi hubishana hadi usiku kama Masi ya Carlsbad ni ya Kiitaliano au ya Kimarekani. Mimi nawaambia waache ubishi wachukue tochi.

Sasa yupo atakayeuliza Mswahili anahangaika nini na mafundi wa California. Tom Ritchey, aliyeanza kuunda fremu akiwa kijana mdogo huko Palo Alto na mwaka 1979 akawa akiunda fremu za kampuni ya MountainBikes ya Gary Fisher na Charlie Kelly, alifika Rwanda mwaka 2005, akawaona watu wakiteremsha mizigo milimani kwa baiskeli za mbao, akabuni baiskeli ya chuma yenye mkia mrefu wa kubebea kahawa. Juhudi hizo ndizo zilizozaa timu ya Rwanda iliyofundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali. Kwa hiyo mstari mmoja wa ramani hii unaishia kwenye milima yetu, na mwenye kuuliza nadhani amejibiwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba dakika chache.

Nilitaka kuzungumzia tarehe, nitasema kwa ufupi: pini bila miaka ni bure, kwa sababu mafundi huhama. Gordon alikuwa Eugene, Oregon, kabla ya Petaluma. Sachs alitoka Chester, Connecticut, akaenda Warwick, Massachusetts. Paramount zilihama Chicago zikaenda Waterford, Wisconsin, na karakana ya Waterford iliyorithi kazi hiyo imefungwa mwaka 2023.

Nilitaka pia kuzungumzia wanawake, na hili linaniuma kulipitia mbio. Georgena Terry wa Rochester, New York, tangu mwaka 1985 aliuza baiskeli zenye gurudumu dogo la mbele ili mwanamke mfupi apate fremu inayomfaa badala ya kupewa ya mwanamume iliyopunguzwa. Huyo walau yupo kwenye ramani. Lakini Paramount nyingi ziliungwa na wanawake ndani ya kiwanda cha Schwinn. Wanaosoma historia ya kiwanda hicho wanawajua kwa majina, na kwenye ramani hawamo. Kosa ni lile lile la Huffy, ila hapa hata picha za theluji hazipo za kuwatetea.

Portland ya Strawberry na Mark DiNucci, Seattle ya Rodriguez na Davidson, Pennsylvania ya Tom Kellogg, zote naziruka. Aluminiamu ya Gary Klein na titani ya Merlin siziiti chuma, ziundiwe ramani yake.

Ombi langu ni hili. Badala ya pini, tuanze na jedwali lenye safu tano: nani alishika moto, wapi, tangu mwaka gani hadi mwaka gani, alifundishwa na nani, na fremu zilitoka kwa jina la nani. Safu ya tano inaruhusiwa kutofautiana na ya kwanza, na pale inapotofautiana tusiisahihishe. Safu ya nne ndiyo ya haraka, kwa kuwa haimo kwenye fremu wala kwenye katalogi. Imo vichwani mwa watu, na Baylis alifariki mwaka 2016, Gordon mwaka 2019. Napendekeza tuanze na Connecticut na Massachusetts, ambako mistari mingi inakutana katika eneo dogo: waliopita Witcomb USA, waliopita Fat City hadi ilipofungwa Somerville mwaka 1994, na wale waliotoka hapo wakaanzisha Independent Fabrication mwaka 1995. Jedwali tupu nimeliacha pale mlangoni, na aliye na fremu yoyote kati ya hizo nyumbani aje nayo kikao kijacho, krenki ikiwa imeshatolewa.